Michungwa ya Kukodi na Mashine ya Kopi

Desemba iliyopita mpwa wangu, binti aliyekuwa akijiandaa kuingia darasa la saba, alinisindikiza kutoa kopi ya cheti chake cha kuzaliwa katika duka moja la stesheneri pale Muheza mjini. Mwenye duka alifunua kifuniko cha mashine, akalaza cheti kifudifudi juu ya kioo, akabonyeza kitufe. Mwanga ukatambaa chini ya kioo kutoka upande huu hadi ule, kama mtu anayetafuta ndala uvunguni kwa tochi. Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka. Binti akaidaka na kuibandika shavuni.

"Mjomba, mbona ya moto?"

"Imetoka kupikwa. Wino wa mashine hii ni unga mkavu. Unapakwa kwenye karatasi, halafu unayeyushwa kwa joto ili ung'ang'anie."

"Nani aliibuni?"

Nikafurahi kuulizwa, maana jibu nilikuwa nalo. "Mmarekani mmoja, Chester Carlson. Na kampuni iliyoifanya iwe biashara inaitwa Xerox."

Akainama kusoma ubavuni mwa mashine. "Mbona hapa pameandikwa jina la Kijapani?"

Mwenye duka akaacha kuhesabu chenji. "Haya, mjibu mtoto," akaniambia.

Jibu lenyewe halikutosha kwa muda wa kusubiri chenji. Nilimsimulia tukirudi nyumbani, lililobaki nikalimalizia jioni barazani. Nawasimulia na ninyi kama nilivyomsimulia yeye, ila nimeruka pale tulipokatizwa na muuza miwa.

Carlson alizaliwa mwaka 1906 katika familia maskini, na tangu utotoni alifanya vibarua kuwalisha wazazi wake waliokuwa wagonjwa. Akasoma fizikia, akapata kazi New York katika idara ya hataza ya kampuni moja ya vifaa vya umeme. Kazi yake ilikuwa makaratasi. Kila ombi la hataza lilihitaji nakala kadhaa, na kupata nakala siku hizo ilikuwa ama kuchapa upya kwa taipureta, ama kupeleka kwa wapiga picha na kulipa sana. Macho yake yalikuwa hafifu, na mgongo ulikuwa ukimsumbua kwa baridi yabisi. Mtu wa namna hiyo ndiye hasa wa kujiuliza kwa nini pasiwe na mashine.

Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga mtaa wa Astoria, New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa. Kornei aliandika kwa wino kwenye kipande cha kioo: tarehe ile na neno ASTORIA. Wakafunga mapazia. Bamba wakalisugua kwa leso, kama wewe unavyosugua kitana kwenye nywele kikavuta vipande vya karatasi. Wakaweka kioo juu yake, wakakimulika kwa taa sekunde chache. Mahali mwanga ulipopiga, umeme ule wa kusugua ukatoweka, na chini ya maandishi ukabaki. Wakanyunyiza unga mwepesi wa mmea, wakapuliza. Unga wote ukaruka isipokuwa ule ulioshikwa na herufi. Wakabandika karatasi ya nta juu yake, wakaibandua, na maneno yakatoka nayo.

"Basi!" mpwa wangu akasema. "Akatajirika."

Subiri kwanza. Alipata hataza yake tarehe 6 Oktoba 1942, na hapo ndipo hadithi yetu inapoanza kuhesabu miaka.

Hataza ni mapatano kati ya mbunifu na serikali. Mbunifu anaandika waziwazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, mtu yeyote aweze kusoma. Serikali nayo inamwambia: kwa miaka kadhaa, hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kukitengeneza wala kukiuza bila idhini yako. Miaka ikiisha, kitu ni cha wote. Siku hizi katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi; Tanzania Bara maombi hayo yanapelekwa BRELA, Kenya yanapelekwa KIPI. Marekani ya wakati wa Carlson ilikuwa miaka 17 tangu siku ya kukabidhiwa. Hesabu mwenyewe. Saa ya Carlson ilipangwa kugonga Oktoba 1959.

Sasa mtoto wa Muheza huwezi kumweleza thamani ya kitu chenye mwisho bila kumpitisha shambani.

"Kuna mtu amekodi michungwa misimu mitano," nikamwambia. "Kila msimu, akishatoa gharama, anabaki na milioni moja. Leo ndiyo kwanza ameanza. Anataka kukuuzia mkataba wake. Utampa ngapi?"

"Milioni tano."

"Utoe tano leo, halafu uzipate hizo hizo tano zikidondoka moja moja kwa miaka mitano? Na mvua ikikataa mwaka mmoja?"

Akafikiri. "Nne, basi. Au tatu na nusu."

"Ikiwa imebaki misimu miwili?"

"Moja na nusu."

"Ukibaki mmoja?"

"Hata milioni haifiki. Ukiisha, simpi kitu."

Hajawahi kuona soko la hisa, lakini amelielewa kuliko watu wazima kadhaa ninaowajua. Hisa ni kipande cha kampuni. Anayeinunua hanunui jengo wala mashine. Ananunua haki ya kuipata sehemu yake ya faida itakayokuja, na ya miaka ya mbali anaipunja, kwa sababu pesa ya mwaka wa kumi si sawa na pesa ya leo mkononi. Kampuni ikiwa inaishi kwa hataza moja, thamani yake inalika kama kipande cha sabuni, kila mwaka kidogo. Halafu angalia jambo hili: siku yenyewe ya mwisho ikifika, mara nyingi hakuna kishindo sokoni. Tarehe iko kwenye karatasi, kila mtu ameisoma, na bei ilishashuka zamani. Kinachoyumbisha bei ni habari ambayo watu hawakuitarajia.

Turudi kwa Carlson. Alizungusha wazo lake kwenye makampuni zaidi ya 20, na makubwa yote yakamkatalia, IBM mojawapo. Mwaka 1944 taasisi ya utafiti ya Battelle huko Ohio ikakubali kumsaidia. Miaka michache baadaye kampuni ndogo ya karatasi za picha, Haloid, ya mji wa Rochester, ikachukua leseni. Haloid ilikuwa jirani ya Kodak, na wewe fikiria kuwa na genge la nyanya mlangoni mwa soko kuu. Bosi wake, Joe Wilson, aliona kuwa akibaki na karatasi za picha atamezwa. Kati ya 1947 na 1960 kampuni ilitumia takriban dola milioni 75 katika utafiti wa kopi kavu, karibu mara mbili ya faida iliyoipata kwa kazi zake za kawaida. Ilikopa, ikauza hisa mpya, na baadhi ya wakubwa wa kampuni wakakubali kulipwa sehemu ya ujira kwa hisa.

Septemba 1959 mashine ikaonyeshwa hadharani. Iliitwa 914, kwa kuwa ilinakili karatasi ya hadi inchi 9 kwa 14. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300. Tabia yake mbaya ilikuwa kuunguza karatasi, kwa hiyo ilikuja na kizima moto kidogo, ila watu wa mauzo hawakutaka kukiita kizima moto. Walikitungia jina la heshima: kiondoa mabaka ya kuungua. Wauzaji ni walewale dunia nzima.

Mpwa wangu alikuwa akihesabu vidole. "Mjomba, Septemba 1959. Hataza si ndiyo inaisha Oktoba?"

Ndiyo. Wiki tatu baada ya mashine kuzinduliwa, kabla haijaingiza faida ya maana, hataza ya msingi ya Carlson ilikufa. Miaka 17 yote ilikuwa imeliwa na maabara. Mtu aliyeangalia tarehe ile peke yake angesema: usiguse hisa za kampuni hii, mkataba wa michungwa umeisha hata chungwa la kwanza halijaiva.

Naye angekosea vibaya. Mauzo yalikuwa dola milioni 33 mwaka 1959. Mwaka 1963 yakafika milioni 176. Mwaka 1966 yakapita nusu bilioni. Kampuni ilikuwa imeshabadili jina, ikaitwa Xerox. Carlson, aliyekuwa akilipwa mrabaha wa kama sehemu moja ya 16 ya senti kwa kila kopi, akawa tajiri mkubwa, na akaitumia miaka yake ya mwisho kugawa mali hiyo kimyakimya hadi alipofariki mwaka 1968.

Imekuwaje? Yule aliyekodi michungwa, kumbe wakati wa mkataba alikuwa anapanda miche yake kwenye kiwanja cha jirani. Miche iliyobebeshwa inachukua miaka mitatu, minne kuzaa, kwa hiyo mpita njia haoni kitu, anaona vijiti tu. Xerox na Battelle walikuwa wamepata hataza nyingine juu ya kila kiungo: jinsi ya kutumia seleniamu badala ya salfa, jinsi ya kupaka unga, jinsi ya kuusafisha, jinsi ya kuuchoma kwenye karatasi. Wazo la Carlson lilikuwa huru kwa yeyote mwaka 1959. Njia ya kulifanya lifanye kazi vizuri haikuwa huru. Kila mwaka hataza mpya zilizaliwa, na kila moja ilikuja na saa yake mpya.

Kulikuwa na jambo la pili, na mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Xerox haikutegemea kuuza mashine. Iliikodisha kwa dola 95 kwa mwezi, kopi 2,000 zikiwemo humo, na kila kopi ya ziada ikilipiwa senti kadhaa. Ndani kulikuwa na mita ya kuhesabu. Ofisi zilizodhani zitatoa kopi mia kwa siku zilijikuta zinatoa maelfu, maana mtu akishapata njia rahisi ya kunakili hunakili hata asichohitaji. Mashine ikiharibika, fundi wa Xerox anakuja. Mfumo huo wa kodi, mita na mafundi haukuwa na hataza wala tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo anayetaka kujua kampuni itakuwa na thamani gani baada ya miaka 20 asiulize tu hataza inaisha lini. Aulize nini kinapandwa kwa pesa zinazoingia uzio wa hataza ukiwa bado umesimama.

Hapa mpwa wangu alinikatiza, na alikuwa na haki. "Lakini jina lilikuwa la Kijapani."

Nilikuwa naelekea huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Xerox ilikuwa na hataza zaidi ya 1,000 na karibu soko lote la kopi za karatasi ya kawaida nchini Marekani. Wawekezaji waliipenda kupita kiasi. Mwaka 1972 walikuwa tayari kulipa zaidi ya mara 40 ya faida yake ya mwaka mmoja ili kupata hisa. Maana yake waliamini michungwa ile itazaa milele na hakuna atakayepanda mingine.

Miaka miwili iliyofuata soko zima la hisa la Marekani liliporomoka, bei ya mafuta ikapanda, na hisa za Xerox zikapoteza karibu asilimia 70 ya bei yake. Si haki kuitupia hataza lawama yote hiyo. Ila katikati ya dhoruba ile serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya shirikisho ya biashara, iliishtaki kampuni kwa kutumia rundo la hataza kuzuia ushindani. Mwaka 1975 wakapatana: Xerox itoe leseni za hataza zake kwa washindani. Uzio ukafunguliwa kabla saa hazijagonga. Hiyo ndiyo habari isiyoandikwa kwenye karatasi ya hataza niliyoitaja mwanzo.

Canon tayari ilikuwa imetafuta njia yake ya kuuzunguka uzio, ikatoa mashine ya karatasi ya kawaida mwaka 1970. Sasa Wajapani wakaja kwa wingi, tena hawakuja na mashine kubwa kama kabati za kushindana na Xerox katika ofisi kubwa. Walikuja na ndogo, za kununua si za kukodi, ambazo haziharibiki ovyo, kwa ofisi ya wakili, kwa shule, kwa duka. Wakubwa wa Xerox walipochunguza waligundua jambo la kutia aibu: Wajapani walikuwa wanauza mashine kwa bei ambayo wao Xerox walitumia kuitengeneza tu. Mwaka 1982 sehemu ya Xerox katika soko la Marekani haikufika hata nusu.

Uzio ulikuwa umeficha uvivu. Miaka ile ya kulindwa, fundi aliyekuja kila wiki hakuonekana kama dalili kwamba mashine ni mbovu. Alionekana kama huduma nzuri. Kampuni haikujua gharama zake zimevimba kiasi gani, kwa sababu hapakuwa na jirani wa kujipima naye. Ikabidi ijifunze upya, tena kwa kuisoma kampuni yake ya ubia iliyokuwa Japani, Fuji Xerox.

"Kwa hiyo hataza ikiisha kampuni inakufa?"

La. Na ili asilale na wazo hilo nikampa hadithi ya chura.

Mwaka 1988 huko Minnesota, mhandisi Scott Crump alitaka kumtengenezea binti yake mdogo chura wa kuchezea. Akachukua bunduki ya gundi ya moto, akaijaza mchanganyiko wa plastiki na nta ya mishumaa, akajenga chura tabaka juu ya tabaka, kama fundi anavyopandisha ukuta wa tofali. Baadaye akaifanya mashine ijenge yenyewe, akaomba hataza mwaka 1989, na pamoja na mkewe Lisa wakaanzisha Stratasys. Kwa miaka 20 printa za namna hiyo zilikuwa za viwanda na vyuo, bei zikianzia juu ya dola 10,000.

Hataza ya chura ikaisha 2009. Mhandisi Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alikuwa ameanza tangu 2005 mradi wa printa ambayo ingechapa sehemu zake nyingi yenyewe, na michoro aliigawa bure. Mwaka uleule wa 2009 kampuni changa ya MakerBot huko New York ikauza printa ya kujiundia kwa dola 750. Mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou aliunda yake kwa mabaki ya kompyuta na skana zilizotupwa, na Nairobi nako wakaja watu wa AB3D wakitengeneza printa kutokana na taka za kielektroniki.

Ungetarajia hisa za Stratasys zianguke 2009. Zilipanda! Dunia nzima ilianza kuzungumza habari za printa hizi, na mwenye jina kongwe akafaidi kelele. Mwaka 2013 ikainunua MakerBot kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 403. Januari 2014 hisa moja ilipita dola 130. Kisha watu wakahesabu wateja halisi. Printa za bei nafuu zilikuwa tele, faida yake nyembamba, na Stratasys ikalazimika kufuta vitabuni sehemu kubwa ya thamani ya kile ilichonunua. Mwishoni mwa 2015 hisa ilikuwa chini ya dola 30. Hataza ilikufa 2009, msiba ukafika zaidi ya miaka minne baadaye, na katikati palikuwa na sherehe. Kampuni yenyewe haikufa. Viwanda bado vilihitaji mashine zake kubwa na malighafi zake.

Mimi nikiona kampuni ya teknolojia inasifiwa kwa wingi wa hataza zake, siku hizi nauliza kwanza pesa yake inatoka wapi hasa.

Januari tulirudi dukani kutoa kopi ya fomu ya shule. Mwenye duka alikuwa amefungua tumbo la mashine anabadilisha tona, vidole vyeusi.

"Shikamoo," binti akamsalimu. "Mashine hii umekodi au umenunua?"

"Marahaba. Nimenunua, mtumba, Dar es Salaam. Ya bei ya kawaida tu."

"Na tona?"

"Ah, tona ndiyo inayonimaliza. Kila nikisema nimepata faida, tona imekwisha."

Binti akaliomba lile kopo tupu. Akaligeuza juu chini, akalifuta unga kwa kidole, akalisogeza mlangoni penye mwanga asome maandishi madogo.

"Mjomba," akasema bila kuinua macho, "hii ina hataza yake?"